Kujitolea kutunza zana ya masasisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliotaka kutusaidia. Wengine walijiunga na wapo hadi leo. Wengine waliuliza, wakasita, wakaenda zao, na yawezekana hatukuwajibu vizuri. Zana ya masasisho ni programu ndogo ukiitazama, lakini mtu anapoisakinisha anaipa ruhusa ya kuingia kila kona ya kompyuta yake, hata akiwa amelala. Hiyo ni amana, na karibu kila jibu hapa chini linatokana nayo.

Zana ya masasisho hufanya nini hasa?

Husoma orodha ya viraka (marekebisho madogo ya kasoro za programu) na matoleo mapya yaliyotolewa na waundaji wa programu, huilinganisha na vilivyomo kwenye kompyuta, hupakua kinachokosekana, huhakiki kwamba faili iliyofika ndiyo ile iliyotumwa, kisha husakinisha. Zana ya aina yetu ina kazi ya ziada: hupakua mara moja kwenye kompyuta yenye intaneti, kisha viraka hubebwa kwa flashi au kupitia mtandao wa ndani hadi kwenye kompyuta zisizo na intaneti au zenye intaneti hafifu.

Kinachosumbua zaidi ni mpangilio. Kuna kiraka kisichokubali kuingia mpaka kingine kitangulie. Kuna kinachotaka kompyuta iwashwe upya katikati ya kazi. Kuna kilichoondolewa na waundaji siku chache baada ya kutolewa kwa kuwa kiliharibu kitu. Mtumiaji huona mstari unaosonga kwenye skrini hadi asilimia 100. Nyuma ya mstari huo kuna watu waliogundua, tena usiku, kwamba muundo wa orodha umebadilishwa bila taarifa.

Kompyuta nyingi hujisasisha zenyewe. Kwa nini mnajisumbua?

Kwa sababu zile zisizojisasisha ndizo zinazoumia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka MS17-010, kilichoziba udhaifu katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo WannaCry, programu hasidi inayodai fidia, ilianza kusambaa kupitia udhaifu uleule, ikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kuvuruga kazi za hospitali Uingereza. Kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa, dawa ilikuwapo takriban miezi miwili kabla. Haikuwa imefika tu.

Mimi nilijiunga kwa sababu ya neno hilo, kufika. Watu wengi wenye akili hutengeneza viraka. Walio tayari kuhakikisha kiraka kimefika kwenye kompyuta ya mwisho, ile ya zamani iliyo kwenye chumba kisicho na mtandao, ni wachache.

Sijui kuandika programu. Nina nafasi?

Unayo, na si nafasi ya huruma. Ukihesabu saa tunazotumia, kuandika msimbo huchukua sehemu ndogo. Zinazobaki huenda kwenye kujaribu, kusoma ripoti, kujibu maswali, kuandika maelekezo na kutafsiri.

Chukua majaribio. Watunzaji wengi hujaribu kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, ambazo ni safi mno. Kompyuta ya mtu halisi ina diski iliyojaa, saa iliyorudi nyuma miaka mitano kwa sababu betri ya ubao imekufa, programu ya kukinga virusi inayozuia kila kitu, na jina la mtumiaji lenye herufi ambazo mwandishi wa msimbo hakuzifikiria. Saa mbovu peke yake inatosha kuvunja kila kitu: kompyuta inayodhani bado tuko miaka mitano nyuma itakataa vyeti halali vya usalama kwa kuwa kwake bado havijaanza kutumika. Mtu mwenye kompyuta ya namna hiyo, aliye tayari kutuambia kilichotokea, ana kitu ambacho hakuna mtunzaji wetu anaweza kukitengeneza.

Chukua tafsiri. Onyo lililotafsiriwa vibaya tunalihesabu kuwa hitilafu. Kitufe kinachotakiwa kusema «Ahirisha» kikisema «Ghairi», mtu anayetaka kusubiri hadi jioni ataacha kabisa, au mtu anayetaka kusitisha ataogopa kubonyeza. Sentensi kama «Usizime kompyuta» lazima ieleweke na mtu aliyechoka, mwenye haraka, asiyependa kompyuta.

Na chukua maelekezo. Sisi tulioishi ndani ya zana hii kwa miaka hatuoni tena pengo liko wapi. Tunaruka hatua ya tatu kwa sababu mikono yetu inaifanya yenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mahali utakapokwama siku ya kwanza ndipo tunapotaka utuonyeshe, kabla hujazoea.

Lazima niwe mtaalamu wa usalama?

Hapana. Lazima uwe mtu anayeuliza pale asipoelewa.

Nitahitaji muda gani kwa wiki?

Saa mbili zinazotimia ni bora kuliko kumi za ahadi. Kazi yenyewe haiji kwa usawa. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003, na kwa yeyote anayehudumia Windows siku mbili tatu zinazofuata huwa na pilikapilika. Mifumo mingi ya Linux hutoa viraka muda wowote vinapokuwa tayari, kwa hiyo huko kazi ni ya kila siku kidogo kidogo. Tuambie mapema ni siku zipi hupatikani. Mtu anayesema «sipo hadi mwezi ujao» hutusaidia kupanga. Anayenyamaza hutuacha tukimsubiri.

Nianzie wapi?

Isakinishe zana, uitumie kwenye kompyuta ambayo ukiipoteza hutalia, na uandike kila kilichokushangaza. Kisha soma ripoti 20 za mwisho za hitilafu bila kujibu yoyote. Utaona ni mambo gani hujirudia na watu huongeaje. Baada ya hapo chagua ripoti moja isiyojibiwa ujaribu kuirudia kwenye kompyuta yako. Ukifanikiwa, andika hatua ulizopitia. Ukishindwa, andika pia, ukitaja mfumo endeshi wako (Windows, Linux au mwingine) na toleo la zana, kwa maana kushindwa kurudia hitilafu nako kunapunguza mahali pa kutafuta.

Usianze kwa kupendekeza zana yote iandikwe upya kwa lugha nyingine. Pendekezo hilo hutufikia mara kwa mara, mara nyingi kutoka kwa watu wenye uwezo mkubwa. Msimbo wa zamani wenye sura mbaya una majibu ya matatizo mengi yaliyokwisha kusahaulika, na anayeufuta huyakuta tena moja baada ya jingine.

Ripoti nzuri ya hitilafu ina nini?

Toleo la zana, mfumo endeshi na toleo lake, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, na faili ya kumbukumbu iliyoandikwa na zana. Kabla ya kuituma faili hiyo, ipitie uondoe majina ya watumiaji, anwani za mtandao wa ndani na chochote kinachofanana na nenosiri. Tukikuta siri ya mtu kwenye ripoti tunaificha, ila kwa wakati huo huenda imeshasomwa.

Badiliko langu lilikuwa la mstari mmoja tu. Kwa nini limekaguliwa na watu wawili?

Nikueleze kosa langu. Niliwahi kuidhinisha badiliko la mstari mmoja lililosafisha folda ya muda baada ya masasisho kukamilika. Lilisomeka vizuri, nikalipitisha. Halikuwa limezungushia alama za nukuu njia ya folda, yaani maandishi yanayoonyesha folda iko wapi kwenye diski, kwa hiyo kwenye kompyuta ambayo njia hiyo ilikuwa na nafasi katikati ya jina, amri iliikata vipande viwili na kwenda kufuta folda nyingine. Mtu mmoja alipoteza kazi yake ya wiki. Alituandikia kwa upole ambao sikustahili, na tangu hapo sijawahi kuliita badiliko lolote dogo.

Ukaguzi ni jicho la pili kwa jambo ambalo litaendeshwa kwa ruhusa za juu kabisa kwenye kompyuta za watu tusiowajua. Mabadiliko ya mtunzaji mkuu hukaguliwa pia. Ukirudishiwa kazi yako na maswali matano, jua kwamba kuna mtu ameketi akaisoma kwa makini, na hiyo ni heshima.

Kwa nini mnasisitiza sana saini na funguo?

Kwa sababu anayeshika njia ya masasisho anashika kompyuta zote zilizo mwishoni mwa njia hiyo. Juni 2017 washambuliaji walipenya kwenye seva za M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumika sana Ukraine, wakapitisha programu hasidi ya NotPetya ndani ya masasisho yake. Watumiaji walifanya walichofundishwa kufanya: walisasisha. Mwaka 2020 ikagundulika kwamba masasisho ya Orion, programu ya kampuni ya SolarWinds, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, na takriban wateja 18,000 walikuwa wameyapokea. Katika kisa hicho cha pili masasisho yalikuwa na saini halali. Uovu uliingizwa wakati msimbo unajengwa, yaani unageuzwa kuwa programu inayoendeshwa, kabla saini haijatiwa.

Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Hashi ni alama ya kidole ya faili: SHA-256, mojawapo ya njia za kuikokotoa, hutoa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha hata biti moja ya faili alama nzima hubadilika. Inakuambia kama faili iliharibika njiani. Haikuambii nani aliitengeneza. Hashi ikikaa kwenye seva ileile iliyo na faili, aliyebadilisha faili atabadilisha na hashi. Saini ya kidijitali ndiyo inayomtaja mtu, kwa kuwa hutengenezwa kwa ufunguo wa siri ambao seva haina.

Hata saini peke yake haitoshi. Mshambuliaji anaweza kukupa toleo la mwaka jana lenye saini halali na udhaifu ambao kila mtu anaujua. Au anaweza kukuonyesha orodha ya zamani siku baada ya siku ili uamini hakuna jipya. Ndiyo maana muundo uitwao The Update Framework hugawa madaraka katika nafasi nne: ya mzizi, inayosema ni funguo za nani zinaaminika, ya malengo, inayothibitisha mafaili yenyewe, ya picha ya jumla, inayofungamanisha orodha zote ziwe za wakati mmoja, na ya muda, ambayo saini yake hukwisha upesi ili orodha iliyochakaa ikataliwe. Ufunguo wa mzizi unatakiwa ukae nje ya mtandao, na unaweza kuwekewa sharti la saini za watu kadhaa. Nakushauri uusome muundo huu hata kama hutagusa msimbo huo kamwe. Utakufundisha kuuliza swali linalotakiwa kuulizwa kila siku katika kazi hii: ufunguo huu ukiibwa leo, nini kitabaki salama?

Kwako wewe kwa vitendo: washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako, ikiwezekana kwa kifaa cha ufunguo badala ya ujumbe wa simu. Usiweke siri yoyote kwenye hazina ya msimbo, mahali msimbo wetu wote unapohifadhiwa. Ikiingia kwa bahati mbaya, usihangaike kuifuta ukidhani yamekwisha, kwani historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la msimbo, inaihifadhi na wengine huenda wameshainakili. Tuambie papo hapo, tuubatilishe ufunguo huo na kutengeneza mwingine. Hakuna atakayekufokea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kifo hicho kingekuwa cha kompyuta za watu wengine.

Nitapewa lini haki ya kutia saini matoleo?

Huenda kamwe, na naomba usilichukulie vibaya. Wenye haki hiyo hatutaki wawe wengi, na hatuitoi kama zawadi ya bidii.

Kisa cha XZ Utils kilibadilisha fikra za kila mtunzaji ninayemfahamu. XZ ni maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mfumo wa Linux, na kwa miaka ilitunzwa hasa na mtu mmoja aliyejitolea. Kuanzia 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta mabadiliko, mengi yenye manufaa. Mwaka 2022 akaunti nyingine zikaanza kumlalamikia mtunzaji kwamba anachelewa, zikimshinikiza aongeze msaidizi. Jia Tan akawa msaidizi huyo. Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa nyuma, sehemu yake ikiwa imefichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kipande cha kuuwasha kikiwa kwenye kifurushi cha toleo tu, si kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huisoma. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakulipuuza. Tarehe 29 Machi 2024 alitoa taarifa hadharani, kabla matoleo hayo hayajaingia katika mifumo mingi inayotegemewa.

Tulijifunza mambo ambayo sasa ni kanuni kwetu. Haki ya kutoa toleo haitolewi kwa sababu kuna kelele. Kifurushi cha toleo hujengwa na watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na hashi zao lazima zilingane. Zisipolingana hatutoi mpaka tujue kwa nini. Faili yoyote isiyosomeka na binadamu, hata ya majaribio, lazima ieleze ilivyotengenezwa. Na mtunzaji aliyechoka husaidiwa mapema, kwa sababu uchovu wake ndio mlango uliotumika.

Ninajua kanuni hizi zinamfanya mtu mwema ajihisi anashukiwa. Zinanihusu na mimi. Siwezi kutoa toleo peke yangu, na hilo hunipa usingizi: hata mtu akiiba kompyuta yangu, hawezi kuwafikia watumiaji wetu kupitia kwangu.

Nitumie jina langu halisi?

Si lazima. Lakabu inayotumika muda mrefu kwa uaminifu inatosha kwa karibu kazi zote. Kwa kutia saini tu ndipo tunapotaka watunzaji wawili wawe wanakufahamu.

Toleo jipya linatolewaje?

Polepole. Kwanza majaribio otomatiki, kisha mashine pepe, kisha kundi la wajaribio wenye kompyuta halisi. Likipita hapo linakwenda kwa sehemu ndogo ya watumiaji, tunasubiri, tunasoma ripoti, ndipo linafunguliwa kwa wote.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho la data la programu yake ya usalama lililokuwa na kasoro. Lilirudishwa baada ya dakika 78. Katika dakika hizo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilihitaji mtu aende mbele ya kila moja aifute faili kwa mkono kwa kuwa hazikuweza kuwaka zikapokea marekebisho. Sasisho hilo halikupitishwa kwa awamu. Mtu akikuuliza kwa nini tunasubiri ilhali majaribio yote yamepita, mtajie dakika hizo 78.

Jambo jingine tunalolijaribu kwa makusudi ni kukatika kwa umeme. Tunaizima mashine katikati ya kupakua, katikati ya kuhakiki, katikati ya kusakinisha, kisha tunaiwasha tuone. Faili iliyopakuliwa nusu isihesabiwe kamili. Toleo la zamani lisifutwe kabla jipya halijathibitika linawaka. Vilevile tunajaza diski mpaka ibaki nafasi ndogo isiyotosha, kwa sababu zana inapaswa kuligundua hilo kabla ya kuanza. Kama unapenda kuvunja vitu, kazi hii ni yako; tuna uhaba wa watu wake.

Nikiharibu je?

Utaharibu. Sema mara moja, taja ulichofanya, tusimamishe toleo. Baadaye tunaandika maelezo ya kilichotokea bila kutaja aliyekosea, tukitafuta ni kizuizi gani kilikosekana. Kosa la folda nililolieleza juu lilituzalia jaribio linaloendeshwa hadi leo kwenye njia zenye nafasi, herufi zenye alama na majina marefu kupita kiasi.

Mtu akiniletea taarifa ya udhaifu wa usalama?

Usiijadili hadharani, na usimwombe aifungulie ripoti ya kawaida. Mshukuru, mwelekeze kwenye anwani ya siri iliyoandikwa katika faili ya usalama ndani ya hazina, hakikisha amepata jibu. Wachunguzi wengi huwapa waundaji muda kabla ya kutangaza. Project Zero, timu ya Google ya kutafuta udhaifu, kwa mfano, inajulikana kwa siku zake 90. Mchunguzi aliyepuuzwa ana haki ya kutangaza, na lawama hapo ni yetu.

Leseni inaruhusu tusambaze viraka vya kampuni nyingine?

Tenganisha vitu viwili. Zana ni yetu na ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza kwa masharti ya leseni yake. Viraka ni mali ya waliovitengeneza. Ndiyo sababu zana huvichukua kutoka seva za wenyewe na sisi hatuviweki kwenye seva zetu. Usipakie kiraka cha kampuni kwenye ripoti au hazina, hata kwa nia ya kumsaidia mtu aliyekwama. Mpe jina na namba yake, na hashi yake, avitumie kukitafuta mahali panapostahili.

Je, kuna malipo?

Hakuna mshahara. Michango hulipia seva na jina la kikoa, ikibaki hununua vifaa vya majaribio, na hesabu yake iko wazi kwa yeyote.

Sipendi kulipamba jambo hili. Aprili 2014, udhaifu wa Heartbleed ulipotangazwa katika OpenSSL, dunia ilitambua kwamba maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na ikipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yalichangishana baada ya madhara. Kujitolea kuna faida zake za kweli: utajifunza mambo ambayo hakuna darasa linalofundisha, na kazi yako itabaki wazi kwa yeyote atakayetaka kuipima. Lakini ukipata kazi inayokulipa na ukahitaji kupunguza muda wako hapa, ipunguze. Familia yako ina haki ya kwanza.

Baadhi ya watumiaji wana maneno makali. Nifanyeje?

Mwenye kompyuta isiyowaka ana hofu, na hofu huongea kwa ukali. Jibu tatizo lake kwanza. Wengi hutulia likianza kutatuliwa. Anayetukana au kutishia ni jambo jingine. Huyo usimjibu kabisa, tuachie sisi. Tumewahi kuwafungia watu, na tutafanya hivyo tena, kwa sababu mtunzaji aliyevunjika moyo harudi.

Nikichoka, niondokeje?

Sema. Sentensi moja inatosha na hutadaiwa sababu. Tunachoomba ni makabidhiano: taja ulichokuwa unakifanya, ulichokiacha katikati, na akaunti ulizo nazo, ili tuziondolee haki. Kuondolewa haki si adhabu. Akaunti iliyolala yenye haki kamili ni ufunguo uliosahauliwa mlangoni.

Usimkabidhi mtu mwingine haki zako kwa hiari yako, hata akionekana mwema. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, kifurushi cha msimbo kilichotumika sana na waandishi wa programu kwa lugha ya JavaScript, alikuwa hakitumii tena, akampa mtu aliyejitokeza kwa barua pepe akiomba kukitunza. Mpokeaji aliongeza kifurushi kingine ndani yake, na humo mkawekwa msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali kutoka Copay, programu ya pochi ya sarafu hizo. Simlaumu aliyekabidhi. Alikuwa amechoka, na hakuwa na jamii ya kumpokea mzigo. Sisi tupo, kwa hiyo mzigo uturudishie sisi.

Na kama hakuna wa kuupokea? Basi tutalitangaza hilo, tutaweka hazina iwe ya kusomwa tu, na zana yenyewe itawaambia watumiaji kwamba haitunzwi tena. Zana ya masasisho iliyoachwa kimyakimya ni hatari kuliko iliyofungwa, kwa maana watu huendelea kuona alama ya kijani na kuamini.

Tukitofautiana na mtunzaji mkuu, naweza kuanzisha tawi langu linalojitegemea?

Leseni inakuruhusu na hatutakuzuia. Badilisha jina na utumie funguo zako, mtumiaji ajue anamwamini nani. Kabla ya hapo tuzungumze. Mara kadhaa tuligundua tunagombania jambo ambalo chaguo moja kwenye mipangilio lingelimaliza.

Nimejaribu toleo la majaribio, halikuwa na shida yoyote. Niandike kitu?

Ndiyo, tafadhali. Taja kompyuta, mfumo endeshi, ukubwa wa diski, na kama ilikuwa na intaneti au ulibeba viraka kwa flashi. Kimya hakituambii kama toleo ni zima au hakuna aliyelijaribu. Ripoti tatu za «limepita salama» kutoka kompyuta tatu zisizofanana ndizo tunazozisubiri kila mara kabla hatujatia saini.